Mawingu ya Juu Sana na Joto la Dunia: Jinsi Ubaridi wa Wingu Unavyozuia Joto Kutoka

Mawingu ambayo watu huyazungumzia zaidi ni yale mazito yaliyo karibu na ardhi, kwa sababu ndiyo yanayoleta mvua na kivuli. Juu yake kabisa, kwenye kimo ambacho ndege kubwa za abiria husafiri, kuna mawingu ya namna nyingine: membamba, meupe, mara nyingi yamevutika kama nyuzi za pamba iliyochambuliwa. Jua huyapenya bila shida, kiasi kwamba vivuli vya vitu hapa chini hubaki na kingo zake, na usiku mara nyingi dalili pekee ya kuwapo kwake ni pete kubwa ya mwanga inayouzunguka mwezi. Ni rahisi kuyaona kuwa pambo la anga tu. Hata hivyo, mtu akitaka kuelewa dunia itapata joto kiasi gani katika miaka ijayo, hana budi kuyaelewa mawingu haya, na jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba nguvu yake yote inatokana na ubaridi wake.

Jina lake la kitaalamu, sirasi, lilitolewa na mfamasia wa Kiingereza Luke Howard, ambaye mwaka 1802 aliwasomea wenzake mjini London pendekezo la kuyagawa mawingu katika makundi machache yenye majina ya Kilatini. Alichagua neno lenye maana ya kishungi cha nywele, na kwa kweli yanafanana nacho. Siku hizi mawingu ya juu huhesabiwa kuwa aina tatu, yaani sirasi yenyewe, sirokumulasi yenye madoadoa madogo, na sirostratasi ambayo hutanda angani kama shela nyembamba. Kimo chake hutegemea mahali: katika ukanda wa tropiki huweza kuanzia kilomita 6 hadi kufikia 18, katika maeneo ya kati huwa kati ya kilomita 5 na 13, na karibu na ncha za dunia hushuka hadi kilomita 3. Kwa makala hii nitaongeza kundi la nne ambalo kwa asili ni mabaki ya dhoruba, yaani tandiko pana la barafu linalosambaa kutoka kwenye kilele cha wingu la radi. Umbo lake bapa hulifanya lifanane na fuawe la mhunzi, na hivyo ndivyo nitakavyoliita.

Mawingu haya yote yameundwa kwa barafu, ama yote ama sehemu kubwa. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kupanda, na kwa hiyo kimo cha kilomita 10 ni mahali pa baridi kali kuliko majira ya baridi ya sehemu nyingi zinazokaliwa na watu. Maji yana tabia ya kushangaza: matone madogo yasiyo na chembe yoyote ya vumbi ndani yake huweza kubaki maji hata katika nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Yakifika karibu nyuzi 38 chini ya sifuri uvumilivu huo huisha, nayo huganda yenyewe. Ndiyo maana mawingu ya juu ni makundi ya fuwele, nyingi zikiwa na pande sita, na ni fuwele hizo zinazoupinda mwanga kwa pembe ya takriban nyuzi 22 na kutupa ile pete kuzunguka mwezi au jua.

Kazi mbili ndani ya wingu moja

Ili kulipima wingu, inafaa kuanza na hesabu ya dunia nzima. Tukigawanya mwanga wa jua unaofika juu ya angahewa kwa uso wote wa dunia, mchana na usiku, wastani wake ni kama wati 340 kwa kila mita ya mraba. Karibu wati 100 kati ya hizo hurudishwa angani bila kutumika, zikiwa zimeakisiwa na mawingu, barafu, mchanga, bahari na hewa yenyewe. Wati 240 zilizobaki humezwa, na dunia isipotaka kuendelea kupata joto, lazima itoe kiasi hicho hicho kwenda angani. Hutoa kwa njia moja tu, nayo ni mionzi ya joto, ambayo jicho la binadamu haliioni lakini ngozi huihisi mtu anapokaa mbali kidogo na moto.

Wingu huingilia hesabu hiyo katika pande zote mbili. Huakisi mwanga wa jua na hivyo kuipoza dunia. Papo hapo humeza mionzi ya joto inayopanda kutoka chini na kuizuia isitoroke, jambo linaloiongezea dunia joto. Kila wingu hufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja, na swali huwa ni ipi imeizidi nyenzake. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kukisia. Kisha Marekani ikarusha vyombo vya mradi wa ERBE, wa kupima kutoka angani mionzi inayoingia na kutoka duniani, kuanzia mwaka 1984, na mwaka 1989 mwanasayansi V. Ramanathan na wenzake wakachapisha hesabu iliyoonyesha kwamba, mawingu yote ya dunia yakijumlishwa, upande wa kupoza ndio unaoshinda. Vipimo vya mradi uliofuata, CERES, vinaonyesha kwamba mawingu hurudisha karibu wati 45 hadi 50 za mwanga wa jua kwa kila mita ya mraba, na huzuia karibu wati 26 hadi 30 za joto, hivyo kwamba tofauti ni upozaji wa takriban wati 20.

Wengi husoma takwimu hiyo na kuishia hapo: mawingu hupoza dunia. Ni kweli kwa jumla, lakini jumla hiyo imechanganya mawingu yanayofanya kazi zinazopingana. Matandiko mazito ya mawingu ya chini yaliyo juu ya bahari ndiyo hubeba sehemu kubwa ya upozaji. Mawingu membamba ya juu hufanya kinyume chake, na sababu ya kinyume hicho ndiyo kiini cha jambo zima.

Hesabu ya baridi

Kitu chochote hutoa mionzi ya joto kulingana na jotoridi lake, na kiasi hicho hupanda haraka sana jotoridi linapopanda. Tuchukue bahari ya tropiki yenye nyuzi 27. Uso wake hutoa karibu wati 459 kwa kila mita ya mraba. Tuweke juu yake wingu zito la chini ambalo kilele chake kina nyuzi 10. Wingu hilo litameza mionzi ya bahari na kutoa ya kwake, na kwa kuwa lina nyuzi 10, litatoa karibu wati 364. Sasa tuliondoe na kuweka mahali pake wingu la barafu lenye unene wa kutosha kuzuia mionzi yote ya bahari, lakini lililo juu sana, lenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Kilele chake kitatoa karibu wati 117 tu. Katika hali halisi pengo kati ya mifano hii ni dogo zaidi, kwa sababu hata pasipo na wingu mvuke wa maji na hewa ukaa huzuia sehemu ya mionzi ya bahari njiani, lakini mpangilio haubadiliki: wingu la chini hupunguza kidogo sana joto linalotoka, na wingu la juu hulipunguza mno.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa inaonekana si sawa kwamba kitu chenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri kisababishe joto. Wingu halitutumii joto kutoka huko juu. Linachofanya ni kukaa katika njia ya joto letu linaloondoka, kulimeza, kisha kutoa mahali pake mionzi hafifu inayolingana na baridi yake. Kadiri lilivyo baridi ndivyo inavyotoka kidogo. Wapo wanaolifananisha wingu na blanketi, na mfano huo unasaidia mwanzoni, lakini mimi naona unapotosha baadaye, kwa sababu blanketi hufanya kazi kwa kuzuia hewa yenye joto isiondoke mwilini, na ubora wake hautegemei limetundikwa kimo gani. Wingu kimo chake ndicho kila kitu.

Upande wa mwanga wa jua una sheria yake tofauti. Uwezo wa wingu kuakisi jua hautegemei kimo wala baridi. Hutegemea wingi na ukubwa wa matone au fuwele zilizomo. Wingu membamba la sirasi lina barafu kidogo sana, kwa hiyo huacha sehemu kubwa ya mwanga ipite. Barafu hiyo hiyo, hata ikiwa chache, humeza mionzi ya joto vizuri. Tofauti hii ya tabia ndiyo inayolifanya wingu membamba la juu kuwa kama mlango wa upande mmoja, unaoruhusu jua kuingia na kukataza joto kutoka. Wingu la juu likizidi kuwa nene, mambo hugeuka polepole: huanza kuakisi jua kwa nguvu, na kiini cheusi cha dhoruba kubwa, ambacho kilele chake ni baridi kupita kiasi, kwa mchana huweza kupoza zaidi ya kinavyoongeza joto. Katika magharibi ya bahari ya Pasifiki, ambako dhoruba za tropiki hutanda kwa maelfu ya kilomita, setilaiti zimeonyesha kwamba kazi hizi mbili, kila moja ikiwa kubwa mno, karibu zinafutana kabisa.

Wakati wa siku nao una neno. Baada ya jua kuzama, hakuna mwanga wa kuakisi, na wingu lolote la juu hubaki na kazi moja tu ya kuzuia joto. Wingu lile lile ambalo saa nane mchana lilikuwa karibu halina athari huwa chanzo halisi cha joto saa nane usiku. Ndiyo maana, tukiambiwa kwamba mawingu ya juu yamepungua au yameongezeka, ni haki kuuliza: saa ngapi, na yana unene gani?

Wingu linalopanda bila kubadilisha jotoridi

Yote niliyoeleza hadi sasa yanahusu dunia ilivyo. Swali gumu zaidi ni hili: dunia inapopata joto kutokana na hewa ukaa tunayoiongeza, mawingu haya hubadilikaje? Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu jibu lililopatikana ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa ambayo elimu ya angahewa imeyatoa katika miongo ya karibuni.

Mtu angedhani kwamba dunia ikipata joto, mawingu ya juu nayo yatapata joto. Kilele cha wingu kikipanda kutoka nyuzi 60 chini ya sifuri hadi nyuzi 57 chini ya sifuri, kitatoa mionzi mingi zaidi kwenda angani, na hivyo kitasaidia dunia kulitua joto lililoongezeka. Mwaka 2002, Dennis Hartmann na Kristin Larson walieleza kwa nini jambo hilo halitarajiwi kutokea, angalau kwa mawingu ya fuawe ya tropiki, na hoja yao inaanza mbali na wingu lenyewe, kwenye hewa safi iliyo pembeni yake.

Hewa inayopanda ndani ya dhoruba lazima ishuke mahali pengine. Hushuka polepole sana katika maeneo mapana yasiyo na mawingu yanayozunguka dhoruba. Lakini hewa inayoshuka hukandamizwa, na hewa ikikandamizwa hupata joto. Isipopoteza joto hilo kwa njia fulani itakuwa nyepesi kuliko hewa iliyo chini yake, nayo itaacha kushuka. Njia pekee iliyo nayo ya kulipoteza ni kutoa mionzi kwenda angani, na katika sehemu hiyo ya angahewa mtoaji mkuu wa mionzi hiyo ni mvuke wa maji. Kwa hiyo mvuke ndio unaoamua kasi ya hewa kushuka, na kasi ya kushuka ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha hewa kinaweza kupanda.

Sasa, kiasi cha mvuke ambacho hewa inaweza kubeba hutegemea jotoridi. Kadiri tunavyopanda, hewa inavyozidi kuwa baridi, mvuke hupungua kwa kasi, mpaka tunafika mahali ambapo umebaki kidogo mno kiasi kwamba hewa haina tena cha kupozea. Hapo kushuka karibu kunakoma. Hewa inayopanda kutoka chini, ikifika karibu na kimo hicho, haina tena mwenzake wa kubadilishana naye nafasi, na njia iliyobaki ni kusambaa kando. Kusambaa huko ndiko kunakozaa fuawe. Tukiuliza basi fuawe litatokea kimo gani, jibu haliko katika kilomita. Liko katika jotoridi, kwa sababu ni jotoridi linaloamua mvuke unaisha wapi.

Dunia ikipata joto, jotoridi lile lile hupatikana juu zaidi. Mvuke nao huishia juu zaidi, na fuawe hulifuata. Wingu hupanda, na linapopanda hubaki na ubaridi ule ule au karibu sana nao. Hesabu za modeli, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa ya dunia, zilizofanyika baadaye zinaonyesha kwamba vilele hupata joto kidogo, lakini kidogo kuliko ardhi na bahari zilizo chini yake. Matokeo yake ni kwamba bahari inaongeza mionzi yake kwa kila nyuzi inayoongezeka, huku wingu lililo juu yake likiendelea kutoa kwenda angani kiasi kile kile cha zamani. Sehemu ya dunia iliyofunikwa na mawingu hayo inakuwa kama haina habari ya joto lililotokea chini, na joto ambalo lingetoka kwa njia hiyo linabaki.

Wanasayansi huliita jambo la namna hii mrejesho chanya. Neno chanya hapa halimaanishi jema. Linamaanisha kwamba badiliko linajiongezea lenyewe nguvu. Ripoti ya sita ya tathmini ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, iliyotolewa mwaka 2021, inauweka mrejesho wa kupanda kwa mawingu ya juu kwenye takriban wati 0.2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya joto, ambayo ni karibu nusu ya mrejesho wote wa mawingu, uliokadiriwa kuwa wati 0.42. Tarakimu hizo zinaweza kuonekana ndogo mbele ya zile wati 240 za awali. Lakini hewa ukaa ikiongezeka mara mbili huvuruga hesabu ya dunia kwa takriban wati 4 tu, na sehemu za kumi za wati kwa kila nyuzi ndizo zinazoamua kama kuongezeka huko kutatuletea nyuzi 2.5 au nyuzi 4, ambao ndio upana wa makadirio ya ripoti hiyo.

Kinachonishawishi zaidi kuhusu hoja hii ni kwamba haikutegemea modeli kubwa ya kompyuta kuaminika. Modeli zilikuwa zimeonyesha mawingu yakipanda kwa miaka mingi, lakini modeli huonyesha mambo mengi, na mengine huwa makosa. Hapa tuna sababu inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua na mtu yeyote mwenye subira, kutoka tabia ya mvuke hadi kimo cha wingu. Na mwaka 2016 Joel Norris na wenzake, baada ya kusahihisha kumbukumbu za setilaiti za tangu miaka ya 1980, waliripoti kwamba vilele vya mawingu ya juu kabisa vimekuwa vikipanda, kama ilivyotarajiwa.

Je, yatapungua kwa eneo?

Kimo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni eneo, na hapa mjadala haujatulia. Mwaka 2001 Richard Lindzen, Ming-Dah Chou na Arthur Hou walipendekeza kwamba dunia ikipata joto, mawingu ya fuawe yatasinyaa na kuacha nafasi kubwa zaidi ya kutolea joto, kama jicho linavyorekebisha tundu lake kulingana na mwanga. Ingekuwa hivyo kwa nguvu waliyoitaja, ongezeko la joto lingepungua sana. Wengine waliochambua takwimu za setilaiti hawakuiona nguvu hiyo, na sababu mojawapo ni ile niliyoitaja juu: fuawe huakisi jua pia, kwa hiyo ukiliondoa hupotezi kizuizi cha joto peke yake, unapoteza na kivuli.

Wazo la kusinyaa lenyewe halikufa, na sioni kwamba lilistahili kufa. Mwaka 2016 Sandrine Bony na wenzake walionyesha sababu ya kimaumbile ya fuawe kupungua eneo: linapopanda, hukuta hewa iliyo tulivu zaidi, ambayo huhitaji msambao mdogo wa kando ili kuitosheleza hewa inayoshuka. IPCC inakubali kwamba upungufu huo huenda ukapoza kidogo, lakini kwa kiwango cha chini cha uhakika. Ugumu ni kwamba fuawe si kitu kimoja. Lina kiini kizito kinachopoza na kingo pana nyembamba zinazoongeza joto, na athari ya kusinyaa hutegemea ni sehemu ipi inayosinyaa. Kiini kikipungua na kingo zikibaki, tutapata joto. Kingo zikipungua na kiini kikibaki, tutapoa. Mojawapo ya mambo yanayoamua hayo ni ukubwa wa fuwele, maana kubwa huanguka haraka na kulimaliza wingu, ndogo huelea kwa muda mrefu na kulitandaza.

Kuliona wingu lisiloonekana

Sehemu ya ugumu huu ni ya upimaji. Setilaiti ya kawaida hukadiria kimo cha wingu kwa kupima mionzi yake: likitoa kidogo ni baridi, kwa hiyo liko juu. Njia hiyo hufaa kwa wingu zito. Kwa sirasi nyembamba, mionzi ya ardhi hupenya na kuchanganyika na ya wingu, na chombo hudanganyika kuwa wingu lina joto zaidi na liko chini kuliko lilivyo. Tarehe 28 Aprili 2006 roketi moja ilibeba setilaiti mbili, CALIPSO na CloudSat, ya kwanza ikiwa na leza na ya pili rada, ambazo badala ya kusubiri mionzi ilete habari zilituma mawimbi yake na kupima muda wa mwangwi kurudi. Kwa njia hiyo mawingu ya dunia nzima yalikatwa wima kama keki, tabaka kwa tabaka, pamoja na mawingu membamba sana ambayo mtu aliyesimama chini yake angesema anga ni safi. Setilaiti hizo zilimaliza kazi mwaka 2023, na mwezi Mei 2024 mashirika ya anga ya Ulaya na Japani yakarusha EarthCARE, ambayo rada yake huweza kupima hata kasi ya fuwele zinavyopanda na kuanguka, kipimo ambacho, kwa yale niliyoyaeleza kuhusu kingo za fuawe, kinahitajika kuliko kingine chochote.

Mawingu tunayoyatengeneza wenyewe

Kuna mawingu ya juu ambayo hayakuwapo kabla ya karne ya ishirini. Injini ya ndege hutoa mvuke wa maji na masizi, na vitu hivyo vikiingia katika hewa yenye baridi ya kutosha, kwa kawaida chini ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, mvuke hugeuka matone yanayoganda papo hapo, na mchirizi mweupe hutokea nyuma ya ndege. Ernst Schmidt alieleza masharti yake mwaka 1941 na Herbert Appleman akayaboresha mwaka 1953, na bado hutumika. Hewa ikiwa kavu, mchirizi hufutika ndani ya dakika chache. Ikiwa tayari ina mvuke kuliko barafu inavyohitaji ili kudumu, mchirizi hukua, hutandazwa na upepo, na baada ya saa kadhaa hauwezi kutofautishwa na sirasi ya asili.

Kwa kuwa ni membamba na ya juu, mawingu haya kwa jumla huongeza joto. Tathmini kubwa iliyochapishwa mwaka 2021, ikiongozwa na David Lee, ilikadiria kwamba mwaka 2018 michirizi na sirasi zitokanazo nayo zilivuruga hesabu ya dunia kwa takriban wati 0.057 kwa kila mita ya mraba, ikilinganishwa na 0.034 za hewa ukaa yote iliyokusanyika kutokana na usafiri wa ndege tangu ulipoanza. Kiwango cha shaka katika tarakimu ya kwanza ni kikubwa, na linganisho lenyewe linahitaji tahadhari, kwa sababu mchirizi hufa siku hiyo hiyo ilhali hewa ukaa hudumu kwa karne nyingi.

Ni vizuri kukumbuka jinsi ushahidi katika jambo hili unavyoweza kuteleza. Ndege za abiria zilipositishwa Marekani kwa siku tatu mwezi Septemba 2001, David Travis na wenzake waliona kwamba tofauti kati ya joto la mchana na la usiku iliongezeka kwa zaidi ya nyuzi moja, wakaihusisha na kutokuwapo kwa michirizi. Maelezo hayo yalienea sana. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba hali ya hewa ya siku hizo, yaani upepo, unyevu na uchache wa mawingu ya chini, ilitosha kuleta tofauti hiyo. Siku tatu ni chache mno kumpa mtafiti uhakika wa jambo kama hili, hata kama fizikia iliyo nyuma yake ni sahihi.

Kutokana na ufahamu huo yamezaliwa mapendekezo mawili. La kwanza, lililotolewa na David Mitchell na William Finnegan mwaka 2009, ni kuzipunguza sirasi kwa makusudi, kwa kunyunyizia chembe zitakazofanya fuwele chache ziwe kubwa na kuanguka mapema. Binafsi naliogopa. Chembe zikizidi kidogo, fuwele zitakuwa nyingi na ndogo, wingu litadumu zaidi, na badala ya kupoza tutakuwa tumeongeza joto; na hatuna bado uwezo wa kupima kwa usahihi ni upande upi wa mpaka huo tupo.

Pendekezo la pili ni la kawaida zaidi, nalo ni kuzikwepesha ndege hewa yenye mvuke mwingi. Matabaka ya hewa hiyo mara nyingi ni mapana lakini membamba kwa kimo, hivyo kupanda au kushuka kwa mita mia kadhaa hutosha kuyakwepa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu anga ya Japani ulikuta kwamba asilimia 2.2 tu ya safari ndizo zilizochangia asilimia 80 ya joto la michirizi, na safari za jioni na usiku zina uzito wa pekee, kwa sababu mawingu yake hayana jua la kuakisi. Gharama yake ni mafuta kidogo ya ziada kwa safari chache. Kikwazo kilichobaki ni utabiri: rubani anahitaji kujua, kabla ya kuondoka, ni wapi katika kimo cha kilomita 10 au 11 hewa imejaa mvuke kupita kiasi, na huko juu unyevu ni miongoni mwa vitu vinavyopimwa kwa shida zaidi, kwa kuwa vipimo vya maputo ya hali ya hewa hupungukiwa na usahihi katika baridi kali na ndege chache tu ndizo zilizofungwa vipima unyevu. Kufunga vipima hivyo katika ndege nyingi zaidi kungewasaidia pia watabiri na watafiti wa sirasi za asili, ambao wanaihitaji tarakimu hiyo hiyo.